Kisukari cha Aina Gani? Mwongozo wa Kutambua Aina za Kisukari katika Zahanati na Kituo cha Afya

Glukometa hujibu swali moja tu, nalo ni kama sukari katika damu imezidi kiwango; kwa nini imezidi, haisemi. Hata hivyo, katika zahanati nyingi namba ile ikishaandikwa daftarini uchunguzi huwa umekwisha: mtu mzima hupewa metformini, mtoto akibahatika hupewa rufaa, na kwenye kadi huandikwa "DM", kifupi cha Kiingereza cha kisukari, bila kutajwa aina. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya tabibu, muuguzi na daktari msaidizi anayemwona mgonjwa kwa mara ya kwanza akiwa na glukometa, stripu za mkojo, mizani na dakika kumi na tano, huku maabara inayopima kingamwili ikiwa mbali naye kwa saa kadhaa za basi. Viwango vinavyotajwa hapa ni vile vinavyokubalika kimataifa. Dozi na utaratibu wa rufaa vifuate mwongozo wa wizara ya afya ya nchi unakofanyia kazi.

Kabla ya hatua yenyewe, ni vizuri kulielewa jambo moja ambalo maamuzi yote yanayofuata yamejengwa juu yake. Kukosea aina kuna madhara ya pande mbili, na pande hizo hazilingani. Mgonjwa wa aina ya pili, ambaye bado anatengeneza insulini lakini mwili wake ni sugu kwake, akianzishiwa insulini kwa wiki chache huku akisubiri uhakika, atasumbuliwa na sindano, atatumia fedha, na atahitaji kufundishwa namna ya kujikinga na sukari kushuka. Mtoto wa aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitengenezi tena insulini ya kutosha kumweka hai, akipewa vidonge na kurudishwa nyumbani anaweza kufariki katika siku chache.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba ni kisukari kweli

Kisukari huthibitishwa iwapo sukari ya damu mgonjwa akiwa hajala kwa angalau saa 8 ni 7.0 mmol/L au zaidi (126 mg/dL), au saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi ni 11.1 mmol/L au zaidi (200 mg/dL), au HbA1c, yaani kipimo cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ni asilimia 6.5 au zaidi. Mgonjwa mwenye dalili za wazi, yaani kiu isiyokatika, kukojoa sana na kupungua uzito, hahitaji zaidi ya kipimo cha wakati wowote kinachofikia 11.1 mmol/L. Asiye na dalili apimwe tena siku nyingine kabla ya kumtangazia ugonjwa wa maisha. Anayetumia mashine ya mg/dL agawanye namba yake kwa 18 ili kupata mmol/L.

Makosa mengi ya hatua hii hayatokani na kutojua viwango. Mgonjwa akisema "sijala kitu tangu jana", muulize pia amekunywa nini, kwa sababu kwa watu wengi chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari haihesabiwi kuwa chakula. Aoshe mikono kwa sabuni na akaushe vidole kabla ya kuchomwa: kidole kilichotoka kumenya embe huweza kuonyesha 16 kwa mtu ambaye sukari yake ni 5, na kufuta kwa pamba ya spiriti peke yake hakutoshi kuondoa utamu ulioganda. Chupa ya stripu iliyoachwa wazi dirishani wakati wa masika haiaminiki tena, hata kama tarehe yake haijapita. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, glukometa nyingi humzidishia namba. Na maandishi "HI" kwenye kioo hayamaanishi kwamba mashine imeharibika. Katika mashine nyingi maana yake ni kwamba sukari imevuka takriban 33.3 mmol/L, na mgonjwa huyo hastahili kuambiwa arudi kesho.

HbA1c nayo inahitaji tahadhari katika ukanda wetu, kwa kuwa hupima sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, na chochote kinachofupisha maisha ya chembe hizo hushusha jibu. Selimundu, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, malaria ya karibuni na kuongezewa damu vyote vinaweza kumfanya mgonjwa wa kisukari aonekane mzima, wakati upungufu wa madini ya chuma huweza kupandisha jibu bila sababu. Mgonjwa wa selimundu asipimwe kwa HbA1c kabisa.

Kuna pia sukari inayopanda kwa sababu ya ugonjwa mwingine mkali, kama nimonia au mshtuko wa moyo, kisha ikashuka mgonjwa anapopona. Huyu apimwe tena baada ya kupona. Lakini tahadhari hiyo isimgharimu mtoto: mtoto mwenye dalili na sukari ya 11.1 au zaidi hasubirishwi hadi asubuhi aje hajala.

Hatua ya pili: Pima ketoni kabla ya maswali marefu

Kila mgonjwa mpya mwenye sukari ya juu apimwe ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, siku hiyohiyo, katika mkojo au katika damu. Stripu ya mkojo ikionyesha alama mbili za kuongeza au zaidi, au damu ikionyesha 3.0 mmol/L au zaidi, na mgonjwa anatapika, ana maumivu ya tumbo, anahema kwa nguvu au amelegea, chukulia kwamba damu yake imekuwa na asidi mpaka hospitali ithibitishe vinginevyo. Swali la aina husimama hapo, na kinachofuata ni kumwokoa.

Pumzi ya mgonjwa huyu ina sura yake. Anahema kwa kina na kwa mfululizo, mithili ya mtu aliyetoka kukimbia mlimani, ilhali amelala. Ukiweka kifaa kifuani mapafu ni safi. Na mdomoni mna harufu inayofanana na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Si kila pua huisikia harufu hiyo, kwa hiyo isiwe sharti.

Katika nchi zenye malaria, hapa ndipo watoto wengi hupotelea. Mwaka 1986 madaktari Rwiza, Swai na McLarty walikwisha kuandika kuhusu kushindwa kutambuliwa kwa hali hii nchini Tanzania, na miongo minne baadaye somo lile bado ni la leo. Homa, kutapika na kulegea huandikwa malaria. Kuhema kwa kasi huandikwa nimonia. Maumivu ya tumbo huandikwa taifodi. Kukojoa mara kwa mara huandikwa maambukizi ya njia ya mkojo. Nilipokuwa bado mwanafunzi wa mazoezi, aliletwa mvulana wa miaka kumi na mmoja aliyekwisha kupewa dawa mseto mara mbili katika wiki moja, ingawa kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi mara zote mbili. Mama yake alisema, "Daktari, huyu alikwishaacha kukojoa kitandani akiwa na miaka minne, sasa ameanza tena, na asubuhi sisimizi wanajaa kwenye godoro." Maelezo hayo yalikuwa yameshasemwa katika vyumba viwili vya tabibu kabla ya chetu. Hakuna aliyekuwa amemchoma kidole.

Kwa hiyo weka kanuni katika kituo chako, na iandikwe ukutani pale wagonjwa wanapopokelewa: mtoto yeyote anayetapika, anayehema vibaya, aliyepungua uzito au aliyelegea apimwe sukari pamoja na kipimo cha malaria, kwa tone la damu la kidole kilekile. Kampeni ya namna hiyo imewahi kupimwa matokeo yake. Katika jimbo la Parma nchini Italia, mabango yaliyobandikwa shuleni na kwa madaktari wa watoto tangu mwaka 1991, yenye ujumbe kuhusu mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani, yalifuatiwa na kushuka kwa watoto wanaogunduliwa wakiwa tayari na asidi katika damu kutoka asilimia 78 hadi asilimia 12.5.

Ukishashuku asidi, anzisha dripu ya chumvi ya kawaida kulingana na uzito na mwongozo wa nchi yako, piga simu hospitali ya wilaya, na mpe rufaa akiwa na mtu wa kumsindikiza anayejua kusimamia dripu. Metformini haina nafasi hapa. Ipo pia desturi ya kumwekea "dripu ya nguvu" kila mgonjwa aliyelegea, yaani dripu ya glukosi. Kwa mgonjwa ambaye sukari yake haijapimwa, hilo ni kutia mafuta kwenye moto.

Kuwapo kwa ketoni hakuthibitishi aina ya kwanza, na ni vyema hilo likae akilini mapema. Wapo watu wazima, wengi wao wenye asili ya Afrika, wanaoanza na asidi kali lakini baada ya wiki au miezi kongosho lao linarudi kufanya kazi na insulini inaachwa. Hali hii ilielezwa katika miaka ya 1990 kwa wagonjwa wa mtaa wa Flatbush, New York, na ukikaa muda wa kutosha katika kliniki yoyote ya kisukari Afrika Mashariki utakutana nayo.

Hatua ya tatu: Chukua historia ya muda, uzito na ukoo

Mgonjwa akiwa salama, keti naye. Swali lenye uzito kuliko yote ni lini, na lisiulizwe kwa tarehe. Waulize kwa matukio: "Mama, wakati wa Idi alikuwa anaamka kukojoa?" "Mzee, msimu wa kupanda ulikuwa unafunga mkanda tundu la ngapi?" Aina ya kwanza kwa kawaida huja kwa siku au wiki chache, na familia hukumbuka ilipoanza. Aina ya pili hutambaa kwa miaka, na mara nyingi mgonjwa hukutwa nayo alipokuja kwa jambo jingine, kama kidonda kisichopona, ganzi ya miguu, fangasi wa mara kwa mara ukeni au kupima presha.

Swali la pili ni uzito, na kinachotafutwa zaidi ni mabadiliko kuliko kilo alizonazo leo. Mwanamke aliyekuwa na kilo 92 mwezi wa tatu na ana kilo 74 mwezi wa sita bila kujinyima chakula anatoa onyo kubwa, hata kama kwenye mizani bado anaonekana mnene. Palipokosekana kumbukumbu za kilo, nguo husema: gauni linalopwaya, pete inayoteleza kidoleni, sare ya shule iliyopunguzwa mara mbili.

Umri husaidia, ila umewapotosha wengi. Chini ya miaka 35, wazo la aina ya kwanza liwe mbele. Juu ya hapo aina ya pili ndiyo ya kawaida, lakini mlango usifungwe. Uchambuzi wa kinasaba uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliopata aina ya kwanza kabla ya miaka 60, asilimia 42 walikuwa wameshavuka miaka 30. Theresa May, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa nchi hiyo na baadaye waziri mkuu, alipogunduliwa akiwa na miaka 56 mwaka 2012 aliambiwa kwanza kwamba ni aina ya pili na akapewa vidonge. Vidonge viliposhindwa ndipo ikabainika kuwa ni aina ya kwanza. Kama hilo lilitokea kwa waziri mjini London, mama muuza mbogamboga mwenye miaka 48 hana budi kufikiriwa vilevile.

Uliza ukoo kwa upana: wazazi, ndugu, mama wadogo, wajomba, babu na bibi. Kisukari kilichoshuka vizazi vitatu mfululizo, kila mara kikianza kabla ya miaka 25 au 30 kwa watu wembamba wasiohitaji insulini, kinaelekeza kwenye aina ya kurithi inayotokana na jini moja. Kwa baadhi ya familia hizo vidonge vya kundi la gliklazidi, tena kwa dozi ndogo, hufanya kazi kuliko insulini.

Kisha dawa, na hapa uliza kwa upole lakini usiishie kwenye jibu la kwanza. Wengi hawahesabu kuwa dawa vile vidonge vya kunenepesha na kuongeza makalio vinavyouzwa bila lebo, ambavyo mara nyingi huwa na deksamethasoni, wala krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi kali kama klobetasoli, wala unga wa "dawa ya asili" ya pumu au maumivu ya viungo uliochanganywa na prednisoloni. Steroidi hupandisha sukari hasa mchana na jioni baada ya kula, kiasi kwamba kipimo cha asubuhi kabla ya kula huweza kuwa cha kawaida kabisa. Asiambiwe aache ghafla kama ametumia kwa muda mrefu, kwa kuwa mwili wake huenda umeshasahau kutengeneza homoni yake yenyewe ya steroidi.

Muulize kila mtu mzima, faraghani, kama anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ripoti iliyoanzia Uganda imeonyesha kwamba baadhi ya watu wanaohamishiwa dolutegraviri hupandwa na sukari kwa kasi, wakapungua uzito na hata kuingia kwenye asidi, ndani ya wiki au miezi michache. Kliniki ya kisukari na kliniki ya tiba na matunzo mara nyingi huwa majengo mawili yasiyosomeana mafaili, na mgonjwa huona haya kuitaja moja akiwa kwenye nyingine. Pia dolutegraviri huongeza kiwango cha metformini mwilini. Kwa hiyo dozi ya metformini isizidi miligramu 1,000 kwa siku.

Hatua ya nne: Uangalie mwili

Mpime urefu, uzito, kiuno na presha. Kisha mgeuze shingo. Weusi mzito, mnene na laini nyuma ya shingo, kwapani au kwenye mikunjo ya kinena ni alama ya mwili uliokuwa sugu kwa insulini kwa miaka, na huelekeza kwenye aina ya pili hata kwa kijana wa miaka kumi na minne. Akina mama wengi wamemsugua mtoto shingo kwa dodoki mpaka ikachubuka, wakidhani ni uchafu, na inafaa mtoto huyo asikie kutoka kwako mbele ya mama yake kwamba si mchafu.

Wembamba usikupe uhakika wowote. Wapo wagonjwa wengi wembamba wa aina ya pili katika vijiji vyetu, na wapo watoto wanene wa aina ya kwanza mijini. Angalia miguu na, kama unaweza, macho: mgonjwa anayeambiwa leo kwa mara ya kwanza kwamba ana kisukari, lakini tayari ana ganzi ya nyayo au mishipa ya macho iliyoharibika, ameishi na sukari ya juu kwa muda mrefu, na hilo huelekea zaidi aina ya pili.

Hatua ya tano: Fanya uamuzi wa muda, na uanze matibabu siku hiyo

Mtoto wa zaidi ya miezi sita, au kijana, mwenye dalili za wiki chache, aliyepungua uzito na mwenye ketoni, atibiwe kama aina ya kwanza: insulini leo, si baada ya majibu ya maabara. Mtu mzima mwenye mawili au zaidi kati ya haya, yaani umri chini ya miaka 35, uzito kupungua bila kukusudia, ketoni, uwiano wa uzito na urefu (BMI) chini ya 25, na sukari inayovuka 20 mmol/L, naye aanzishiwe insulini na apelekwe kwa anayeweza kuchunguza zaidi. Mtu mzima mwenye kitambi, weusi wa shingoni, presha, ndugu wenye kisukari, ketoni hasi na dalili za muda mrefu anaweza kuanza na metformini pamoja na ushauri wa chakula na mazoezi, iwapo figo zake zinaruhusu.

Kati ya makundi haya lipo kundi kubwa la katikati, na aibu ya kutokuwa na uhakika ndiyo humfanya mtoa huduma aandike aina yoyote ili ukurasa ujae. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 una nafasi rasmi ya kisukari ambacho aina yake bado haijabainika. Itumie. Kadi inayosema "aina haijabainika, anatumia insulini, arudi baada ya wiki mbili" ni ya kitabibu kuliko ile inayosema "aina ya 2" kwa sababu mgonjwa ana miaka arobaini.

Hatua ya sita: Wakumbuke wasioingia katika aina mbili

Mtoto aliyegunduliwa kabla ya miezi sita karibu hakika hana aina ya kwanza. Kisukari chake hutokana na jini moja, na tangu mwaka 2006 imejulikana kwamba wengi wa watoto hawa huweza kuachishwa insulini na kutumia vidonge vya glibenklamidi. Aanzishiwe insulini kwa usalama, apewe rufaa kwa bingwa wa watoto, na kwenye barua utaje kipimo cha jini; maabara ya Exeter nchini Uingereza imekuwa kwa miaka mingi ikiwapima bila malipo watoto wa namna hii kutoka nchi mbalimbali.

Mgonjwa mwenye historia ya maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, kinyesi chenye mafuta kinachoelea, au ulevi wa muda mrefu, apigwe picha ya tumbo. Vijiwe vyeupe vilivyopangika katikati ya picha ya kawaida ya eksirei hutosha kuonyesha kwamba kongosho ndilo lililoharibika. Wagonjwa hawa huhitaji insulini lakini mara nyingi hawaingii kwenye asidi hata wakikosa dozi. Na mtu aliyevuka miaka 50, mwembamba, asiye na ukoo wa kisukari, anayepungua uzito haraka na kupoteza hamu ya kula, asikubaliwe kuwa wa aina ya pili kabla ya kufikiria saratani ya kongosho.

Wapo pia vijana wembamba sana waliokulia katika njaa, wanaohitaji insulini kidogo na wasio na ketoni. Aina hii ilitambuliwa mwaka 1985, ikafutwa katika uainishaji wa mwaka 1999, na Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaipa jina la aina ya tano katika mkutano wake wa Bangkok. Mjadala kuhusu mipaka yake unaendelea. Kwa mtoa huduma wa kijijini, jambo la kushika ni kwamba dozi kubwa za insulini kwa kijana asiye na uhakika wa mlo wa jioni huweza kumshusha sukari hadi apoteze fahamu.

Kwa mjamzito, viwango ni tofauti na ni vya chini. Kipimo cha gramu 75 za glukosi, kinachofanywa kati ya wiki ya 24 na 28, huthibitisha kisukari cha mimba iwapo sukari kabla ya kunywa ni 5.1 hadi 6.9 mmol/L, au baada ya saa 1 ni 10.0 au zaidi, au baada ya saa 2 ni 8.5 hadi 11.0. Akifikia 7.0 kabla ya kunywa au 11.1 baada ya saa 2, huyo ana kisukari kamili kilichogunduliwa wakati wa ujauzito. Wote wapimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na njia rahisi ya kutowakosa ni kuandika tarehe hiyo kwenye kadi ya mtoto, kwa kuwa ile haisahauliki siku ya chanjo.

Hatua ya saba: Omba vipimo vya ziada kwa kujua vinachojibu

Kingamwili dhidi ya GAD, kimeng'enya kilichomo kwenye kongosho, ndiyo ya kwanza kuombwa kwa mtu mzima anayeshukiwa kuwa na aina ya kwanza. Ikiwa chanya pamoja na picha inayolingana, aina imethibitika. Ikiwa hasi, usiifute aina hiyo, na hapa Afrika kuna sababu ya ziada. Utafiti uliohusisha karibu vijana 900 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakitibiwa kama aina ya kwanza, uliochapishwa mwaka 2025, ulikuta takriban asilimia 65 hawana kingamwili zozote za kawaida za ugonjwa huo. Wengi wao bado walihitaji insulini. Jibu hasi lisimwondolee mtu sindano.

C-peptidi hupima insulini ambayo kongosho lenyewe bado linatengeneza, na faida yake kubwa huonekana mgonjwa akiwa ameshatumia insulini kwa miaka mitatu au zaidi. Damu ichukuliwe ndani ya saa 5 baada ya kula, na sukari ipimwe wakati huohuo, kwani sukari ikiwa chini jibu halisomeki. Chini ya 200 pmol/L ni aina ya kwanza au upungufu mkali unaofanana nayo. Juu ya 600 huelekea aina ya pili. Katikati ya hapo, subiri na urudie. Kama mgonjwa ana fedha za kipimo kimoja tu na amekwisha kutumia insulini kwa miaka kadhaa, ningemshauri hiki kuliko kingamwili.

Hatua ya nane: Rudi kwenye aina kila mara

Aina iliyoandikwa siku ya kwanza ihakikiwe baada ya wiki mbili, miezi mitatu, na kisha kila mwaka. Katika kila ziara kuna jambo la kutafuta. Aliyeitwa aina ya pili lakini aina mbili za vidonge kwa dozi kamili zimeshindwa, anaendelea kukonda, au amehitaji insulini ndani ya miaka mitatu, arudishwe kwenye hatua ya pili na kupimwa ketoni kana kwamba ndiyo kwanza afike. Aliyeanza na asidi lakini sasa dozi ya insulini inapungua na sukari bado inashuka anaweza kuwa yule mgonjwa wa Flatbush, na apunguziwe taratibu akipimwa ketoni kila dozi inaposhuka.

Mtoto wa aina ya kwanza huhitaji maelezo ya pekee hapa. Wiki chache baada ya kuanza insulini, wengi hupata kipindi cha nafuu ambacho kongosho lililobaki hujikakamua na dozi hupungua sana. Kwa familia, huo huwa ni muujiza. Wengine wamekwisha kumwombea, wengine wanampa maji ya mwarobaini, na sindano huachwa kwa furaha. Mtoto hurudi baada ya mwezi akiwa hoi. Waambie mapema, siku ya kwanza, kwamba nafuu hiyo itakuja na itapita, na kwamba hata ikibaki yuniti moja kwa siku, isiachwe. Usibishane na maombi. Mwambie bibi yake aendelee kuomba, na aendelee kushika saa ya sindano, kwa sababu mara nyingi bibi ndiye anayebaki nyumbani na mtoto.

Kwenye kadi andika mistari minne: aina unayodhani na kwa nini, ketoni za siku ya kwanza, uzito wa siku ya kwanza, na tarehe ya kuhakiki. Ketoni na uzito wa siku ile haviwezi kupimwa tena. Daktari atakayempokea mgonjwa huyo miaka sita baadaye katika mkoa mwingine, akitaka kujua kama insulini inaweza kuachwa, ataanzia hapo.